Miungu wa kike si vitu

Katika insha na tafsiri zinazoandikwa Nairobi, tangu madarasa ya Kangemi na Kawangware hadi kumbi za mihadhara zilizo katikati ya jiji, umezoeleka usemi 'miungu ya kike'. Wengine huzidisha dharau wakaandika 'vijimungu', hasa wanapowataja wale wasio mashuhuri. Napinga matumizi yote mawili.

Sababu ya kwanza ni ya sarufi. Watetezi wa 'ya' hudai kwamba kiambishi mi- hudai upatanisho wa miti na mito. Mbona basi hawasemi 'mitume yake'? Twasema mitume wake, kwa kuwa mitume ni watu, wala umbo la neno halituzuii. Hata mashetani tumewatunukia 'wa': twasema mashetani wengi. Iweje anayeabudiwa anyimwe heshima aliyopewa shetani?

Sababu ya pili ni ya historia. Wasumeri, waliokaa kusini mwa nchi iitwayo leo Iraki, na ambao lugha yao ilikoma kuzungumzwa yapata miaka 4,000 iliyopita, walikuwa na ngeli mbili: ya wenye utu na ya wasio na utu. Kama Kiswahili, sarufi yao haikutenga kike na kiume. -Ani ilikuwa 'yake' kwa mume na mke, na -bi kwa vitu na wanyama. Ninkasi, msimamizi wa upishi wa pombe, na Nisaba, mlezi wa nafaka na wa waandishi, hawakufikia ukuu wa Inanna. Hata hivyo, kila mmoja wao alikuwa katika ngeli ya -ani. Tukiandika 'ya' twawashusha daraja ambayo waumini wao hawakuwashusha.

Yupo atakayesema kwamba 'ya' hulinda imani ya Mungu Mmoja, na kwamba Biblia ya Kiswahili hutumia upatanisho huo. Hoja hiyo ina uzito katika mimbari, ambako kukana ndiko kunakokusudiwa. Mwanahistoria hakani wala hakiri. Kazi yake ni kueleza.

Wala jambo hili si la Wasumeri peke yao. Nabuzaana, aliyeombwa na wajawazito wa Buganda, yumo katika hesabu hii. Mwanafunzi aliyezoea kumwita kijimungu hatakawia kuwadharau waliomwomba, na hao ni nyanya zetu. Walimu na wahariri, basi, na waandike: miungu wa kike.