Ukutani amebaki njiwa tu



Kabla ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kikundi chetu kilipewa rangi, brashi na ukuta mmoja. Tukaambiwa tuchore utamaduni wetu. Tulifurahi kweli, maana rangi hapa kambini si kitu cha kupata kila siku. Leo ukuta ule una njiwa mweupe na mikono miwili imeshikana. Mtu akiupiga picha hatajua kama ni Nyarugusu au ni wapi.

Wengi wetu tumetoka Fizi na Baraka. Wengine wamezaliwa hapa hapa, ila nyumbani wanasikia habari za huko kila siku. Basi tulichora kwa penseli vitu viwili. Upande mmoja kinyago cha alunga cha Wabembe, kile cha nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, na macho makubwa. Upande wa pili wenyeheri wanne: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Padri Albert Joubert. Waliuawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964, wawili Baraka na wawili Fizi, wakati wa vita vya Simba. Walipotangazwa wenyeheri pale Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, sisi tulikuwa tumejazana kwenye simu moja, bando likiisha tunachangishana. Si kila siku sisi wa Fizi tunatajwa kwa jambo ambalo si mapigano.

Mfanyakazi wa shirika akaja, akasema dini isiwekwe ukutani, kambi ina watu wa imani nyingi. Mchungaji mmoja naye akapita, akasema kile kinyago ni mashetani. Hivyo huyu kafuta kulia, yule kafuta kushoto. Katikati akabaki njiwa.

Tulikasirika. Lakini tuseme ukweli wote, maana kuna mtu wa tatu, mzee mmoja wa kwetu, na yeye ndiye aliyetushinda.

Alituuliza, "Huyu alunga mmemtoa wapi?" Tukamjibu, "Kwenye simu, Papa." Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akatueleza kwamba alunga ilikuwa chama, mtu anaingizwa na anafundishwa, na anayevaa kinyago anafunikwa mwili wote asijulikane. Hakikuwa pambo la kutundikwa. Sisi tulikuwa tumeiga picha ya kinyago kilichoko jumba la makumbusho huko Ulaya, kimewekwa ndani ya kioo, hakuna mtu ndani yake. Hatukuwa tumemuuliza mzee hata mmoja. Hapo tulikosa, tunakubali.

Akageukia wenyeheri. Akauliza, "Na waliowaua mtawachora na sura gani?"

Tukanyamaza wote. Simba hawakushuka kutoka mbinguni. Wengi walikuwa vijana wa huko huko kwetu, umri kama wetu, wamepakwa dawa na kumwagiwa maji, wakaambiwa risasi itageuka maji. Humu kambini wako watu ambao baba zao au babu zao walikuwa Simba. Wako pia ambao babu zao walibatizwa na mapadri wale wale. Wanapanga foleni moja ya chakula. Pengine ni mtu mmoja, mwenye babu wa huku na babu wa kule.

Sasa maoni yetu ni haya. Katazo la shirika na katazo la mchungaji halikutufundisha kitu. Swali la mzee limetupa kazi. Tunaandaa mchezo wa kuigiza juu ya siku ile ya Novemba, bila kinyago, na ile dawa ya maji imo. Mazoezi ya kwanza hakuna aliyetaka kuwa Simba. Wote walitaka kuwa Joubert! Tumebishana hadi giza likaingia, na sehemu hiyo bado haina mtu.

Kwenu ndugu wa mashirika tuna neno. Wageni wakija mnaita ngoma za Burundi, watu wanapiga makofi, mnaandika "burudani". Zile zilikuwa ngoma za mwami, na Karyenda ilikuwa ngoma takatifu, si ya kupigwa ovyo. Mbona ile si dini? Mama akija mkutanoni amevaa kitenge cha Bikira Maria, kimeshonwa vizuri na fundi wetu wa sokoni, mbona hamumwambii akavue? Watoto wa kike wangapi kwenye orodha zenu wanaitwa Anuarite? Yule sista aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, siku 3 tu baada ya wale wa Fizi, na jina lake mnaliandika kila mwezi. Kwetu vitu hivi vinaishi pamoja, kwenye nguo, kwenye majina, kwenye nyimbo vijana wanazorekodi kwa simu. Mkitaka utamaduni wetu uliooshwa, usio na mtu wala damu wala Mungu, mtapata njiwa kila mwaka, na njiwa hatuhitaji kufundishwa kuchora.

Hatusemi kila kitu kiruhusiwe. Kama Waislamu wenzetu au walokole watasema picha fulani inawaumiza, tukae tuzungumze, kama tulivyokaa na mzee. Ila tuitwe kabla ya rangi kufika, si baada.

Mazoezi ni Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe. Mzee amesema atakuja. Hajasema kama atakaa mpaka mwisho.