Sambaza Nao Wapewe Kibao

Siku hizi hapa Kamembe, kijana akitaka kuonekana wa kisasa humwalika mwenzake kula hotidogi. Si ile ya kawaida, bali ile iitwayo ya kifahari: soseji ndefu ndani ya mkate laini, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, jibini na haradali, vyote vimepangwa juu ya kibao cha mbao. Nimeila. Ni tamu, hasa ukiidondoshea matone mawili ya Akabanga. Ugomvi wangu si wa ulimi.

Ugomvi wangu ni bei, na kiburi kinachouzwa pamoja nayo. Kwa pesa niliyolipa ningepata sahani tatu za sambaza wa kukaanga na ndizi juu yake. Wanaoitetea husema ni chakula cha hadhi. Hadhi gani? Soseji hiyo ilifika Marekani na wahamiaji wa Kijerumani, ikauzwa mitaani. Mwaka 1916 Nathan Handwerker, mhamiaji kutoka Poland, alifungua kibanda Coney Island, New York, akauza hotidogi moja senti 5 wakati mshindani wake aliiuza senti 10. Watu walimiminika kwake kwa sababu ya zile senti 5! Basi ni chakula cha vibarua, cha kuliwa umesimama, na leo natozwa pesa ya kibao.

Wapo watakaonipigia makofi kwa methali ya mbachao na msala upitao. Wasiharakishe. Siwezi kukifukuza chakula kwa kuwa kimetoka mbali, maana sambaza mwenyewe ni mgeni. Hakuwamo katika Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo usiku taa za wavuvi zinameta ziwani, mitumbwi imefungwa mitatu mitatu, na asubuhi samaki hao wanakaangwa huku kwetu na ng'ambo Bukavu. Mgeni huyo alilisha watu, akawa mwenyeji. Hotidogi nayo ikitaka uenyeji, ishuke bei. Nairobi smoki hupasuliwa, hutiwa kachumbari, huliwa kando ya barabara, na mwanafunzi hakopi.

Lililoniudhi zaidi ni orodha ya vyakula. Yote ni Kiingereza, katika mji ambao mezani watu wanachanganya Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa. Sambaza hawamo, ingawa dirishani ziwa linaonekana. Nilipomwuliza mhudumu, alicheka: "Sambaza? Hao ni wa nyumbani, kaka."

Wa nyumbani! Kana kwamba nyumbani ni mahali pa kufichwa wageni wasipaone. Shangazi yangu anauza sambaza sokoni, na ada yangu ya muhula huu imetoka kwenye beseni lake. Kijana anayeona haya kuagiza sambaza mbele ya rafiki zake analipunguzia beseni hilo mnunuzi, hata kama hamjui shangazi.

Mwenye mkahawa, jikoni unao mkate, vitunguu na mafuta ya moto. Watie sambaza ndani ya mkate ule ule, uwaandike kwa jina lao, uweke bei ambayo mvuvi mwenyewe ataiweza. Nitakuja na darasa zima, na kibao ukipenda ubaki nacho.