Tusiseme Tusilolijua Kuhusu Wakristo wa Mwanzo



Katika midahalo ya vijana wetu tumeisikia mara nyingi hoja hii: Ukristo ulienea kwa sababu Makaisari wa Roma waliwalazimisha watu. Hupigiwa takbira, na msemaji hurudi kuketi ameridhika. Kwa karne ya kwanza hoja hiyo si kweli, na afadhali tuiseme sisi walimu kabla hajaisema mwingine mbele za watu.

Kaisari wa kwanza kuwaunga mkono Wakristo ni Konstantino, na ruhusa ya kuabudu waziwazi ilitoka mwaka 313. Kabla yake mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 64 mji wa Roma uliungua. Nero akawatwisha wao lawama na kuwaua kwa mateso. Hawakuwa na jeshi wala hazina.

Basi walieneaje? Kwa barabara, kwa merikebu, na kwa kazi za mikono. Bulus wa Tarso, ambaye wao humwita Mtume Paulo, alikuwa fundi wa mahema. Huko Korintho alikaa na Akila na mkewe Prisila, mafundi wenzake. Walikutana majumbani, wakaandikiana barua kwa Kiyunani, lugha iliyofahamika katika bandari za mashariki ya Mediterania. Miji mingi ilikuwa na masinagogi ya Mayahudi, na humo ndimo mahubiri yalikoanzia. Mnamo mwaka 49 wakubwa wao walikutana Baytul Maqdis kujadili kama wasiokuwa Mayahudi walazimishwe kutahiriwa. Wakaamua wasilazimishwe, na mlango ukafunguka.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Nabii Issa (A.S.) alitumwa kwa Bani Israil, nasi hatuyakubali aliyoyafundisha Bulus juu yake. Kijana aliyeisoma tarekh hii ana la kuuliza. Mwenye kupiga kelele za upanga hana.

Tena sisi wenyewe hukasirika, na ni haki yetu, tukiambiwa Uislamu ulienea kwa upanga. Huwataja wafanyabiashara wa Pwani, na msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107. Surat Al-Maida, aya ya 8, imetuamrisha uadilifu hata kwa tunaochukiana nao.

Tunaomba darasa la juu lipewe vipindi viwili vya Tarekh kwa somo hili. Ramani ya Mediterania hatuna. Mzazi mwenye nayo atuletee.