Msijifiche Nyuma ya Kibuyu cha Bibi

Kila inapozuka hoja ya kuzidhibiti bidhaa zinazoitwa "dawa lishe" na "virutubisho vya asili", hujitokeza watu wa kupaza sauti kwamba Serikali inataka kuua tiba za mababu. Wengi wa watu hao hawajapata kuchimba mzizi wala kubandua gome. Wana ofisi zenye viyoyozi, wana semina za hotelini kila Jumamosi, na bidhaa zao hufika bandarini ndani ya makontena. Lakini ukiwagusa tu, papo hapo hugeuka kuwa wajukuu wa waganga. Leo nakusudia kuwavua joho hilo.

Nitangaze kwanza maslahi yangu. Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 74. Tangu baba afariki, usingizi ulimpaa. Mwaka juzi kijana mmoja mwenye tai na maneno ya upole alimuuzia kichupa cha kapsuli za usingizi nje ya kanisa, baada ya ibada. Lebo ilisema: mimea asilia asilimia 100, haina madhara yoyote. Mama hakutuambia, kwa kuwa kwake hiyo haikuwa dawa. Dawa ni zile za shinikizo la damu alizopewa hospitali, ambazo aliendelea kuzimeza. Na kweli alilala. Alilala hadi saa nne asubuhi, yeye ambaye maisha yake yote jua halikupata kumkuta kitandani. Katika wiki ya tatu aliamka usiku kwenda msalani, akayumba, akaanguka, nyonga ikavunjika.

Pale hospitali daktari aliuliza swali ambalo daktari yeyote angeuliza: mgonjwa anatumia dawa gani? Tukampelekea kichupa. Alikigeuza na kukigeuza. Hakukuwa na orodha ya viambato, wala namba ya toleo, wala anwani ya kiwanda. Kulikuwa na picha ya jani la kijani na namba ya simu ambayo haikupatikana siku ile, wala haijapatikana hadi leo. Mtaalamu wa nusukaputi alikataa kumlaza mtu asiyejua ndani ya damu yake kuna nini, upasuaji ukaahirishwa siku mbili, na mama akazimaliza siku hizo mbili akilia kwa maumivu.

Sisemi kwamba kapsuli zile ndizo zilizomwangusha. Wazee huanguka hata bila kapsuli. Lalamiko langu ni kwamba hatukuweza kujua, na kwamba kutojua kwetu hakukuwa bahati mbaya. Kuna mtu aliyeketi akabuni lebo ile, akachagua rangi ya jani, akaamua nini kiandikwe na nini kisiandikwe.

Sasa turudi kwa mababu wanaosingiziwa. Bibi yangu mzaa mama, kule Muheza, naye alikuwa na tiba yake ya usingizi: maziwa ya moto yaliyokunwa kungumanga. Aliikuna kidogo sana. Sisi watoto tulipomwomba aongeze, kwa kuwa harufu yake ilitupendeza, alitukemea, maana alijua kwamba kungumanga ikizidi hulevya na kumfanya mtu aweweseke. Alikijua alichokikuna, kipimo chake, na anayekinywa. Zaidi ya hayo yote, aliishi palepale. Mgonjwa akizidiwa usiku, mlango uliogongwa ulikuwa wake.

Huo, ndugu msomaji, ulikuwa udhibiti. Haukuandikwa katika Gazeti la Serikali, lakini ulikuwa na meno kuliko kanuni nyingi zilizoandikwa humo. Biashara ya kapsuli imeuvunja wote: mmea haujulikani, kipimo hakijulikani, mgonjwa hajulikani, na muuzaji amehama. Kisha mwenye biashara hiyo anasimama mbele yetu na kumwita bibi yangu shahidi wake!

Hata Mchungaji Ambilikile Mwasapile, ambaye mwaka 2011 alilivuta taifa zima hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, alikuwa na unafuu katika hili. Sikuwa muumini wa kikombe kile, na niliwahurumia waliopoteza nauli na muda wao. Lakini mzee yule alikuwa na uso, alikuwa na kijiji, na mti wake ulijulikana kwa jina, mugariga, kiasi kwamba mtafiti aliyetaka kuuchunguza alijua pa kuupata. Nionyesheni uso wa mtu aliyemuuzia mama yangu.

Wauzaji hawa wana hoja ya pili wanayoipenda: "Mbona Marekani zinauzwa huria? Mbona FDA imezipitisha?" Hapa ujinga na udanganyifu hushikana mikono. Mamlaka hiyo ya Marekani haiidhinishi virutubisho kabla havijaingia sokoni, na sababu yake ni sheria iliyopitishwa mwaka 1994. Sheria hiyo haimtaki mtengenezaji wa kirutubisho kuthibitisha mapema kwamba bidhaa yake ni salama au inafanya kazi. Ni mamlaka ndiyo inayotakiwa kuthibitisha kwamba ina madhara, na hilo huwezekana baada ya watu kuimeza.

Historia ya sheria hiyo yafaa tuijue, kwa sababu kelele tunazozisikia hapa kwetu zilipigwa kule kwanza. Mwaka 1989, Wamarekani waliokuwa wakimeza kirutubisho kiitwacho L-triptofani, wengi wao wakitafuta usingizi, walianza kuugua ugonjwa wa ajabu wenye maumivu makali ya misuli. Zaidi ya watu 1,500 waliugua na zaidi ya 30 wakafariki, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye bidhaa ya mtengenezaji mmoja wa Japani. Mtu mwenye akili angetarajia sheria ikazwe. Badala yake wafanyabiashara waliendesha kampeni kubwa, pamoja na tangazo la televisheni lililomwonyesha mwigizaji Mel Gibson akivamiwa nyumbani kwake na askari wenye silaha kwa kosa la kuwa na vitamini C. Wananchi wakaandika barua kwa maelfu kutetea haki yao, na miaka mitano tu baada ya vifo vile, sheria ikalegezwa.

Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 1998 mamlaka ileile ililazimika kuwaonya wananchi juu ya kirutubisho cha mitishamba cha usingizi kilichoitwa "Sleeping Buddha", kwa kuwa ndani yake ilikutwa estazolamu, dawa ya viwandani ya jamii moja na diazepamu, ambayo lebo haikuitaja. Mlaji alidhani anameza jani, kumbe anameza dawa inayohitaji cheti cha daktari. Na mwaka 2023, watafiti walipopima bidhaa 25 za melatonini zinazouzwa huko kwa mfano wa peremende, 22 zilikuwa na kiasi tofauti na kilichoandikwa kwenye lebo. Moja haikuwa na melatonini kabisa; nyingine ilikuwa nayo zaidi ya mara tatu ya ilichodai. Hayo ni katika nchi yenye maabara na magazeti ya kufichua mambo. Sisi tunaoletewa mabaki ya soko hilo tunajifariji kwa lipi?

Asije mtu akanisoma vibaya akadhani ninawatukuza wenye viwanda vya dawa za hospitali. Mwaka 1957 kampuni ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo Contergan, bila cheti cha daktari, ikijivunia kwamba ni salama mno. Ndani yake mlikuwa na thalidomaidi. Hadi ilipoondolewa sokoni mwaka 1961, maelfu ya wajawazito walikuwa wameimeza, na inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na ulemavu, wengi wakiwa na mikono na miguu iliyodumaa. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu mtumishi mmoja wa umma, Dkt. Frances Kelsey, alikataa kuweka saini hadi aletewe ushahidi zaidi, ijapokuwa kampuni iliyoomba kibali ilimsumbua kwa simu na barua. Mrasimu, wangemwita wauzaji wetu. Adui wa maendeleo.

Kwetu mlango uliobaki wazi si siri. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo. Tunayo TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Mwaka 2019 udhibiti wa chakula uliondolewa iliyokuwa TFDA ukapelekwa Shirika la Viwango. Kila chombo kina eneo lake, na mfanyabiashara mjanja huuliza swali moja tu: mlango upi ni mwepesi? Kwenye lebo anaandika "lishe", ili bidhaa yake ihesabiwe kuwa chakula. Kwenye semina anasema inatibu kisukari, tezi dume na kukosa usingizi, ili inunuliwe kama dawa. Mchunguzi akija anaonyeshwa lebo, mteja akija anasimuliwa semina. Mpaka vyombo hivi vitakapokubaliana kwamba bidhaa huhukumiwa kwa kile kinachodaiwa mbele ya mnunuzi, tutaendelea kuchezewa.

Najua kuna pingamizi la haki, nalo halitoki kwa wenye makontena. Linatoka kwa mganga wa kijijini anayeogopa kwamba neno "udhibiti" maana yake ni tozo, safari tatu za mjini, na ofisa anayetaka chai. Hofu hiyo nina kila sababu ya kuiheshimu. Nimeona vibali vinavyotolewa ili kukusanya fedha, na nimeona walio wadogo wakibanwa huku wakubwa wakipitishwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo sisemi kila kibuyu kipelekwe maabara. Mganga anayemtibu jirani yake kwa mmea anaoujua, ana kwa ana, atambuliwe na Baraza basi, aachwe afanye kazi yake. Ninayemtaka ni yule aliyekitia kitu ndani ya kapsuli, akakifungia kwenye chupa, na kukiuza kwa mtu ambaye hatamwona tena. Huyo aandike kila kilichomo, aandike namba ya toleo, aandike jina na mahali anapopatikana. Na kama anadai bidhaa yake inaleta usingizi, basi kabla haijauzwa ipimwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kama haijafichwa ndani yake dawa ya hospitali, kwa gharama yake mwenyewe. Anayekodi ukumbi wa hoteli kila Jumamosi hawezi kushindwa kulipia kipimo.

Nasisitiza usingizi kwa sababu dawa ya usingizi si kama kirutubisho kingine. Vitamini isiyofanya kazi hukuibia fedha. Kitu kinacholaza ubongo humfuata dereva wa basi hadi asubuhi yake barabarani, huungana na pombe, huungana na dawa nyingine za mgonjwa, humwangusha mzee gizani. Na hapa sisi wasomi tujitazame pia, maana wapo wenzetu wanaomcheka mama kwa kapsuli zake huku wao wakinunua diazepamu dirishani kwa jina la kuzoeana na muuzaji, bila cheti, mwezi baada ya mwezi. Udhibiti ninaoudai uwaguse na hao, na famasia zinazowauzia.

Daktari aliyemhudumia mama alimuuliza baadaye, kwa utulivu, alianza lini kukosa usingizi. Mama akamtajia tarehe ya mazishi. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo, wala mimi mwanawe. Yule kijana mwenye tai ndiye wa kwanza kukaa naye na kumsikiliza, na kwa usikivu huo akamtoza shilingi 45,000. Siku hizi mama anatembelea fimbo. Usingizi wake bado ni wa kuvizia, na jioni mimi au dada yangu humpigia simu tukazungumza naye habari za baba mpaka asinzie.

Waheshimiwa wabunge watakapoanza tena kujadili vibali na tozo za bidhaa hizi, watakuja watu waliovaa vizuri kuwaeleza habari za mababu. Naomba mmoja wao awaulize waviweke vichupa vyao mezani, na asome lebo kwa sauti.