Bega Lisilostahili Kukatwa

Imezuka ada miongoni mwa watengenezaji wa ala za muziki, nayo inaenea kwa kasi kuliko hoja zinazoitetea: kila ala yenye shingo na nyuzi sharti ikatwe bega. Gitaa lilitangulia, na gitaa lilikuwa na haki yake. Sasa zamu imeifikia yukulele, kigitaa cha nyuzi nne kinachoenea kifuani mwa mtoto, na wapo wanaonena kwamba ile isiyokatwa bega imepitwa na wakati. Dai hilo halisimami. Likatwapo bega la yukulele, fundi hupoteza kazi, mnunuzi hupoteza fedha, na mwimbaji hapati hata sauti moja aliyokuwa na haja nayo.

Bega linalozungumzwa ni ile sehemu ya juu ya sanduku inayopakana na shingo, upande wa chini mpigaji anapoipakata ala. Hukatwa ili mkono wa kushoto upate njia ya kufikia vyuma vya mwisho vya shingoni, kwenye sauti za juu kabisa. Mwaka 1932 kampuni ya Selmer ya Paris ilianza kutoa magitaa ya namna hiyo yaliyobuniwa na Mwitaliano Mario Maccaferri, na vidole vya Django Reinhardt vikayatangaza. Baadaye gitaa la umeme likaipokea sura hiyo, na halikuwa na la kupoteza, kwani sauti yake hutoka katika mashine wala haitegemei upana wa sanduku. Mpenzi wa muziki wa dansi anayekumbuka solo za Mbaraka Mwinshehe hahitaji kuelezwa kwa nini mpigaji hutaka kupanda hadi mwisho wa shingo. Huko juu kuna kazi.

Lakini Maccaferri huyo huyo, mwaka 1949, alitoa yukulele ya plastiki aliyoiita Islander, ikauzwa kwa mamilioni. Hakuikata bega. Plastiki humiminwa katika kalibu. Kalibu ikishachongwa, umbo lolote hutoka kwa gharama ile ile. Mtu aliyelipatia gitaa bega lililokatwa, mwenye kalibu mkononi na soko mbele yake, aliitazama ala ndogo akaiachia mabega yake mawili. Wanaoikata leo wana wajibu wa kueleza walichokiona ambacho yeye hakukiona.

Sababu yenyewe ni hesabu nyepesi. Uzi wa gitaa la kawaida una urefu wa kama sentimita 65. Kutoka chuma cha 12, ambapo uzi umefika nusu, hadi cha 13, pana nafasi ya sentimita 1.8, kidole cha mtu mzima hukaa humo kwa starehe. Uzi wa yukulele ndogo, ile inayoitwa soprano, hauzidi sana sentimita 35. Hapo nafasi kati ya chuma cha 12 na cha 13 haitimii sentimita moja, na kila chuma kinachofuata huzidi kuibana. Basi bega limefunguliwa ili kidole kipite kwenda mahali ambapo hakienei. Tena yukulele nyingi za asili zilikoma katika chuma cha 12, pale pale shingo inapokutana na sanduku. Kuikata bega ala ya namna hiyo ni kuujengea ukuta mlango usiokuwa na chumba nyuma yake.

Watetezi wa mkato wana hoja zao, na insafu inadai zisikilizwe. Ya kwanza husema kwamba hasara ya sauti ni ndogo, kwa kuwa sehemu ya sanduku inayotetema zaidi ni ya chini, kwenye daraja la nyuzi. Ni kweli kwamba hasara hiyo si kubwa. Lakini hasara ndogo huvumiliwa panapokuwa na faida, na hesabu iliyokwisha kutajwa imeonyesha kwamba katika soprano faida haipo. Isitoshe, hewa iliyomo ndani ya sanduku nayo ni sehemu ya sauti. Sanduku la gitaa likimegwa, hubaki na akiba. La yukulele, lenye hewa kiduchu tangu mwanzo, halina akiba ya kumegwa.

Hoja ya pili ni ya maendeleo. Husemwa kwamba mwambao haujawahi kuogopa vigeni: udi na ganuni zilitoka Arabuni, fidla ikatoka Ulaya, taishokoto ikatoka Japani, na tarabu ikazipokea zote, tangu Nadi Ikhwan Safaa kuasisiwa Unguja mwaka 1905, jukwaa halijawahi kukosa mgeni. Yukulele yenyewe ni mhamiaji: wahamiaji wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira walikipeleka kigitaa chao Honolulu mwaka 1879 kwa jahazi la Ravenscrag, na Wahawaii wakakifanya chao. Maneno hayo yote ni ya kweli, na yote yanawageukia wenyewe. Kila mgeni aliyepokelewa alikuja na sauti. Fidla ilileta mlio mrefu usiokatika, ambao udi hauwezi. Taishokoto ilileta mwanguko wa vibonye juu ya nyuzi. Bega lililokatwa limekuja na nini? Halina mlio wake. Ni mgeni aliyefika na joho bila ya salamu.

Hoja ya tatu ni ya uzuri, nayo ndiyo inayouza. Macho yamezoea umbo la gitaa la umeme, na kijana huona kwamba chenye pembe ndicho cha kisasa. Ajuaye gambusi hatababaika. Ala hiyo ya kale ya mwambao, ndugu ya ile ya Yemeni na ya Ngazija, huchongwa kutoka gogo moja, ikafukuliwa na kuwambwa ngozi. Shingo yake hushuka taratibu hata ikawa tumbo, wala huwezi kusema hapa imekoma hii na hapa limeanza lile. Haina bega la kukatwa. Waliolitaka umbo jepesi upande wa shingo walilipata karne nyingi zilizopita kwa kuchonga vyema tangu mwanzo, bila kujenga na kisha kubomoa.

Hapa ndipo suala linapogusa maisha ya watu. Chukua mfano wa Mahege, katika wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Rufiji. Nchi ile ya delta, yenye msitu wa mikoko unaosifika Afrika Mashariki nzima, ndiyo iliyozipelekea Unguja na Arabuni boriti za kuezekea majumba. Kusini mwa Tanzania hutoka mpingo unaosafirishwa Ulaya kufanywa klarineti. Mti huondoka, na ala hurudi kwa bei ya ala. Fundi wa Mahege akiamua siku moja kuutengeneza muziki badala ya kuuza gogo, yukulele ni ala inayomwezekania: ni ndogo, hutumia mbao chache, na mtoto wa shule anaweza kuimiliki. Lakini ubavu wa sanduku ni ubao mwembamba unaolainishwa kwa maji na moto kisha ukapindwa. Mviringo mpana hupindika. Kona kali ya bega lililokatwa ndiyo inayopasua ubao. Kumwambia fundi huyo kwamba ala yake si kamili bila ya mkato ni kumtwisha sehemu ngumu kuliko zote kwa ajili ya pambo, na kumwachia soko mwenye kiwanda cha ng'ambo. Mchonga mitumbwi wa Rufiji hamegi ubavu wa chombo ili mpiga kasia anyooshe mguu. Hukipima chombo kwa maji yatakayokichukua.

Na maji yanayoichukua yukulele ni sauti ya mtu. Kutoka uzi wake wa chini ukiwa wazi hadi chuma cha 12 cha uzi wa juu, mna karibu oktava mbili, na nyimbo nyingi za watu hazivuki mpaka huo. Ala hii imekatwa kwa kipimo cha koo la mwimbaji. Kazi yake ni ile ile iliyokuwa ya kinanda katika mabaraza ya zamani: kuchukua maneno, kuyapisha, na kuyasubiri. Wapenzi wa ushairi wanaijua nidhamu hiyo. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, na hauna kina cha kati kama lilivyo shairi lenye mizani kumi na sita. Hakuna mshairi timamu aliyesema kwamba utenzi ni shairi lenye upungufu, linalohitaji kufunguliwa ubavu ili lifikie vina vya wenziwe. Udogo wake ndio uliouwezesha kubeba visa virefu.

Ipo yukulele moja inayostahili kuachiwa nafasi. Ile iitwayo tena, yenye uzi wa kama sentimita 43 na vyuma vinavyozidi 12, ikiwa mikononi mwa mpiga solo anayepanda huko juu kila usiku, na imekatwa bega, hana anayepaswa kumlaumu. Amelipia anachokitumia. Lakini udhuru wa mmoja usifanywe sheria ya wote. Mwalimu anayewanunulia wanafunzi, mzazi, na fundi wa Mahege au wa Makunduchi anayeanza kuchora umbo lake la kwanza, wanapaswa kuuliza jambo moja: mkato huu utaimba nini? Asipokuwepo wa kujibu, mabega yabaki mawili, na msumeno urudishwe mahali pake.