Timu Mbili, Msalaba Mmoja

MSOMAJI, kama umewahi kutembea Malindi, bila shaka ulipelekwa kuiona ile nguzo ya Vasco da Gama iliyo ukingoni mwa bahari. Mreno huyo alitia nanga huko Aprili 1498. Safari yake alikuwa ameianza mwaka uliotangulia, katika kitongoji cha Lisbon kiitwacho Belém. Leo nataka twende huko Belém, lakini mambo ya merikebu tuwaachie walimu wa historia. Sisi twende tukatazame kabumbu.

Kuna klabu pale inayovaa jezi za samawati. Nembo yake ni msalaba mwekundu, ule uliochorwa kwenye matanga ya merikebu za akina da Gama. Jina lake ni Belenenses, maana yake watu wa Belém. Huenda hujapata kuisikia, nami sikulaumu. Soka ya Ureno ikitajwa, masikio yetu husubiri majina matatu tu: Benfica, Porto na Sporting.

Ajabu ni kwamba hata hiyo Benfica ilizaliwa Belém, mwaka wa 1904. Miaka minne baadaye ikaungana na klabu ya mtaa wa Benfica, ikahama, na vijana wa Belém wakabaki bila timu. Wenye kipaji walikuwa wakienda kuchezea mitaa ya wengine. Mmoja wao, Artur José Pereira, alichezea Benfica kisha Sporting, na alikuwa katika wachezaji bora wa enzi zake. Mwaka wa 1919 yeye na wenzake waliamua kwamba inatosha. Tarehe 23 Septemba wakaanzisha timu ya nyumbani. Weka jambo hili akilini, msomaji, kwa maana karibu miaka 100 baadaye Belém ilikuja kunyang'anywa timu tena.

Klabu hiyo haikuchelewa kukua. Ilitwaa ubingwa wa Ureno wa mtindo wa mtoano katika miaka ya 1927, 1929 na 1933. Real Madrid ilipofungua uwanja wake mpya Desemba 1947, huu uitwao Santiago Bernabéu, wageni walioalikwa kucheza siku hiyo walikuwa Belenenses. Walifungwa 3-1, lakini hualikwi kwenye sherehe kama hiyo ikiwa wewe si mtu.

Mwaka uliowapa heshima hiyo ni 1946. Belenenses walienda mji wa Elvas, karibu na mpaka wa Uhispania, kucheza mechi ya mwisho wakihitaji ushindi. Wakashinda 2-1, wakawa mabingwa kwa pointi moja mbele ya Benfica. Tangu siku hiyo, vigogo watatu walifunga mlango wa ubingwa, na hakuna mwingine aliyeingia hadi Boavista ya mji wa Porto ilipofanya hivyo mwaka wa 2001. Ni miaka 55!

Walikaribia tena mwaka wa 1955, na hapa mzee yeyote wa Belém atakushika mkono akusimulie hadi chai ipoe. Mshambulizi wao alikuwa Sebastião Lucas da Fonseca, maarufu kama Matateu, kijana wa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Kabla Eusébio hajatoka katika mji huo huo na kutikisa dunia, Matateu alikuwa ameshaongoza kwa mabao katika ligi ya Ureno mara mbili. Siku ya mwisho ya msimu, Belenenses walikuwa mbele 2-1 dhidi ya Sporting katika uga wao wenyewe. Zikiwa zimebaki dakika chache tu kipenga cha mwisho kilie, Sporting wakasawazisha. Benfica, waliokuwa wakicheza kwingine, wakachukua kombe wakiwa na pointi sawa na Belenenses.

Mwaka uliofuata, katika siku ya kutimiza umri wa miaka 37, klabu ilifungua uwanja mpya wa Restelo ulio juu ya kilima, ambapo ukiketi jukwaani unauona mto Tagus ukielekea baharini. Ni uwanja mzuri, lakini nyakati nzuri zilikuwa zikipita. Kombe la Ureno walilitwaa mwaka wa 1960, wakalitwaa tena mwaka wa 1989 kwa kuilaza Benfica 2-1. Katikati ya furaha hizo mbili, mwaka wa 1982, walishushwa daraja kwa mara ya kwanza katika historia yao. Madeni yakaja, kama yanavyozijia klabu nyingi.

Sasa sikiliza kwa makini, hasa wewe unayesomea sheria au biashara. Ureno iliruhusu klabu kuunda kampuni ya kuendesha timu yake ya kulipwa. Mwaka wa 2012 Belenenses iliuza asilimia 51 ya hisa za kampuni hiyo kwa mwekezaji. Sitaki kumfanya mwekezaji huyo shetani. Klabu ilikuwa na shida ya pesa, naye alinunua kilichokuwa kikiuzwa. Lakini ndoa ile ilichacha. Wakagombana juu ya mikataba na juu ya haki ya klabu kuzinunua tena zile hisa, na katikati ya 2018 mkataba wa kutumia uwanja wa Restelo ukaisha.

Kampuni ikafunga virago, ikachukua wachezaji na nafasi katika ligi kuu, ikahamia Uwanja wa Taifa ulio nje kidogo ya jiji. Klabu ikabaki na uwanja, wanachama, vikombe vya kale na msalaba wake. Timu ya kulipwa haikuwa nayo.

Ungekuwa wewe ni shabiki, ungefuata nini? Wachezaji unaowajua, ambao Jumapili wanakutana na Porto? Au jina?

Watu wa Belém walifuata jina. Klabu iliunda timu mpya, ikaiandikisha katika daraja la chini kabisa la ligi za wilaya ya Lisbon, ngazi ya sita, kucheza na timu za mitaa. Restelo ikapata watu wa kuimba, huku kule ligi kuu timu ya kampuni ikicheza mbele ya viti vitupu. Mahakama nayo ikaikataza kampuni kutumia jina na nembo ya klabu, ikabidi ijiite B-SAD, jina linalofanana na nambari ya gari.

Unyonge wa timu hiyo ulimwengu uliuona tarehe 27 Novemba 2021. Ugonjwa wa korona uliivamia kambi, na ikaingia uwanjani dhidi ya Benfica ikiwa na wachezaji tisa, mlinda lango mmoja akicheza nje ya lango. Kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa 7-0. Walirudi wakiwa saba, mmoja akaketi chini hawezi kuendelea, na refa akavunja mechi. Hata mashabiki wa Benfica hawakuwa na la kushangilia.

Klabu, kwa upande wake, ilipanda daraja mara tano mfululizo. Mnamo 2023 ilifika ligi ya pili, ngazi moja tu chini ya vigogo. Msimu huo huo B-SAD ilishuka kutoka ligi hiyo hiyo, hivyo timu hizo mbili zikapishana mlangoni, moja ikiingia na nyingine ikitoka, bila kuwahi kukutana katika ligi.

Belenenses hawakudumu huko. Mwaka wa 2024 walishushwa hadi ligi ya tatu. Walishuka na jina lao, na mechi za nyumbani zikaendelea kuchezwa pale pale Restelo.