Kabla ya Kufunga Begi la Lamu, Panga Pesa Kwanza

Wengi wetu tukipanga likizo ya Lamu tunaanza na nguo, halafu pesa tunazikumbuka tukiwa stendi. Sisi tunaona tuanze na pesa.

Chukua malazi. Umeona picha safi mtandaoni na mwenye nyumba anakuharakisha utume pesa zote leo kwa nambari yake binafsi? Tulia. Omba nambari ya till ya biashara, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na ulipe sehemu tu. Jina lisipolingana, achana naye. Chumba kingine utapata, lakini pesa ikishatolewa na tapeli, kuirudisha ni kibarua.

Sasa begi. Basi linaishia Mokowe na ndege inatua Manda, na kote unamalizia safari kwa boti. Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni wa vichochoro vyembamba, punda na watu wa miguu. Sanduku la magurudumu litakusumbua. Beba begi la mgongoni: nguo nyepesi za heshima, leso, kofia, dawa zako na pawabenki. Simu ikizima, pochi yako imefungwa.

Na ndiyo, sisi ni watu wa pesa za simu, lakini beba pia noti ndogo ndogo za boti, kwa sababu mtandao hupotea. Nauli ya kurudi itenge kabla hujaondoka nyumbani, na usiiguse hata samaki wa kupaka akikuita.